Mawe ya Tabaka yamefika baharini, wewe je?

Kama umewahi kushuka matatu pale Tabaka, Kaunti ya Kisii, unalijua vumbi lake. Ni jeupe, laini kama unga, na linakaa kwenye viatu, kwenye nyusi na kwenye majani ya migomba kando ya barabara. Karibu kila boma lina tupa, msasa na beseni la maji. Mmoja anachonga, mwingine anasugua, mwingine anapaka nta hadi jiwe ling'ae.

Sasa angalia kinachochongwa. Kiboko. Kasa. Samaki mwenye magamba. Sahani yenye umbo la samaki. Vitu hivi vinafungwa kwa magazeti, vinaingia kwenye katoni, vinapanda basi, na siku chache baadaye vinauzwa kwenye vibanda vya Mombasa na Diani. Vingine vinavuka bahari kabisa. Kazi ya Elkana Ong'esa, mchongaji wa huku huku Tabaka, iko makao makuu ya UNESCO jijini Paris.

Jiwe limefika. Swali ni lako wewe unayelichonga, ama wewe uliyekulia karibu na machimbo kisha ukahamia Nairobi, Nakuru au Kisii mjini kutafuta riziki: umewahi kumwona kasa akiogelea?

Wengi jibu ni la. Si ati hatupendi. Tumezoea tu kudhani kwamba kupanda mashua siku nzima, kuogelea na kula kaa kisiwani ni mambo ya watalii wenye kofia kubwa. Lakini bahari ni yako pia, na ukijipanga na wenzako siku moja kama hiyo haikushindi. Kuna sharti moja tu ambalo vijana wengi wa milimani hulifichaficha, na tutalifikia.

Kwa nini Shimoni

Utaniuliza, si twende tu Homa Bay? Kweli, Ziwa Victoria liko karibu zaidi na mandhari yake ni moto. Lakini ziwani kuna kiboko na mamba wa kweli, si wa mawe, na maji ya kandokando huwa na kichocho. Nenda kwa boti, kwa samaki na kwa picha, ila usiruke majini ovyo. Ukitaka siku nzima ya kutazama na kuogelea, shuka Shimoni.

Shimoni ni kijiji cha wavuvi kusini mwa Kaunti ya Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania. Mbele yake kuna kisiwa cha Wasini, na upande wa pili wa Wasini kuna hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Kule Kisite uvuvi umepigwa marufuku. Kule Mpunguti wavuvi wa kienyeji wanaruhusiwa kutumia mbinu zao za jadi. Kwa sababu samaki wa Kisite hawasumbuliwi na nyavu, wamejaa kama abiria wa stendi ya Kisii siku ya mkesha wa Krismasi.

Kutoka Kisii hadi Mombasa ni karibu kilomita 800. Kuna basi la usiku, ama unafika Nairobi na kupanda treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Ukifika Mombasa unavuka feri ya Likoni, unapanda matatu ya kuelekea Lunga Lunga, na pale Kanana unakata kushoto hadi baharini. Usijaribu kufika asubuhi na kupanda mashua siku hiyo hiyo. Lala kwanza, na ulale ndani ya neti, kwa sababu Kwale mbu hawachezi.

Panga form mapema

Msimu ndio kila kitu. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, huleta upepo mkali na mawimbi, na kuna siku ambazo manahodha hawatoki kabisa. Hata hivyo, kusi kuna zawadi yake: kati ya Julai na Septemba nyangumi hupita pwani yetu.

Uliza pia kuhusu maji kujaa na kupwa. Hutokea mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Kwa hivyo nahodha akisema tunang'oa nanga saa tatu asubuhi, ni saa tatu. Bahari haina mambo ya "niko njiani".

Upande wa pesa, usiende peke yako. Mashua ikijaa, mara nyingi kila kichwa hulipa kidogo. Kusanyeni watu 10, anzisheni chama, mtu atume 200 kwa M-Pesa kila wiki. Kwa wiki 20 kila mmoja ana 4,000 za kuanzia, bila kulia kwa mtu. Ada ya hifadhi hulipwa kupitia eCitizen na raia hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hivyo beba kitambulisho. Kabla ya kulipia mashua, uliza bei hiyo ina nini ndani: chakula, ada ya hifadhi, miwani ya majini na jaketi okozi. Usiulizie hayo mkiwa tayari mmekaa mashuani.

Swali la nahodha

Asubuhi imefika. Umekunywa chai na kula kidogo. Kama unajijua kwamba matatu ya Kisii kwenda Kilgoris hukufanya utapike, ulizia dawa duka la dawa siku moja kabla, uimeze mapema, kisha ukiwa mashuani tazama mbali pale bahari inapokutana na mbingu, usitazame simu.

Mnapewa majaketi okozi. Kisha nahodha, mzee ambaye amekuwa kwenye maji haya tangu kabla hujazaliwa, anauliza kwa sauti ya kawaida tu: "Nani hajui kuogelea?"

Kimya.

Mmoja anacheka. Mwingine anarekebisha kofia. Wewe unakumbuka Mto Gucha, jinsi mlivyokuwa mkitoroka kwenda kuoga mkiwa darasa la sita, na unajiambia hiyo inatosha. Kuna msichana kwenye kundi ambaye hutaki akuone muoga. Kuna maboyz wenu wa mtaa ambao watakutania hadi Pasaka. Mkono unabaki chini.

Hilo ndilo sharti. Usipokuwa mkweli kwa swali hili, yote mengine hayana maana.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 hufa maji kila mwaka duniani, na kwa watoto wa miaka 5 hadi 14 kufa maji ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo. Gucha ilikufundisha kupiga mikono hadi ng'ambo, mita chache, ukisimama kila ukichoka. Haikukufundisha mkondo wa bahari unaokusogeza bila wewe kujua, wala kina ambacho mguu haukanyagi kitu. Methali inasema mfa maji hukamata maji, na tumezoea kufikiria kwamba atapiga kelele. Ukweli ni kwamba mara nyingi anayezama hapigi kelele hata kidogo. Hana pumzi ya kupiga kelele. Wenzake wanaweza kuwa mita 5 tu kutoka kwake wakipiga selfi.

Basi inua mkono. Sema, "Mzee, mimi sijui." Aibu yake ni ya dakika mbili, kisha utaona wengine watatu wakiinua yao nyuma yako. Na nahodha hatakucheka. Anayejua bahari haichezei, na abiria anayemsumbua ni yule aliyenyamaza.

Baada ya hapo mambo ni rahisi. Vaa jaketi na ufunge kamba zote. Mwambie mwenzako alivute juu kwa mabega. Likipanda hadi masikioni ni kubwa, omba jingine. Hata kama unajua kuogelea, livae. Usinywe pombe, hata moja ya kuchangamka. Mkiingia majini, muwe wawili wawili, na msiachane na mwongozaji. Ukimwona mtu amelemewa, usimrukie, mtupie boya na umwite nahodha. Na kama mashua haina majaketi ya kutosha watu wote, shuka. Hata kama umeshalipa, shuka.

Jiwe lisilochongwa

Sasa tufurahie. Mashua inapita kati ya bara na Wasini, upepo unaingia, na mtu anapaza sauti: pomboo! Wanatoka watatu, wanne, migongo inang'aa, kisha wanazama na kuibuka upande mwingine. Nahodha mzuri hapunguzi umbali kwa nguvu wala hawafukuzi. Anazima injini na kusubiri, na mara nyingi wao wenyewe ndio husogea.

Kisite yenyewe, maji yakipwa, huonyesha fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari. Kama hujui kuogelea, anzia mahali unapoweza kusimama. Vaa miwani, uma mrija, inamisha uso na upumue polepole kwa mdomo. Mara ya kwanza mwili utakataa. Simama, cheka, rudia. Mara ya tatu utagundua kwamba maji ya chumvi yanakubeba kuliko yale ya mto, na kwamba ndani ya jaketi huna kazi yoyote isipokuwa kutazama.

Na kuna cha kutazama. Samaki wa manjano, wa samawati, wenye milia kama punda. Taa aliyejilaza mchangani. Ukiwa na bahati, kasa. Mwangalie vizuri wewe mchongaji: hana miguu ya kobe, ana makasia. Mapana, marefu, na anayapiga polepole kama ndege mkubwa asiye na haraka. Huenda ukagundua kwamba wale kasa unaowachonga nyumbani ni kobe uliowaita kasa.

Kisha utaona matumbawe, na mkono wa mtu wa Tabaka utawasha. Yanafanana na mawe. Yana mashimo, mikunjo, umbo la ubongo, umbo la pembe za swara. Utataka kugusa, kupima ugumu, hata kuvunja kipande kidogo cha kupeleka nyumbani. Usiguse. Jiwe la sabuni limelala ardhini tangu enzi na linakungoja ulipe umbo. Tumbawe si jiwe. Limejengwa na wanyama wadogo wanaoishi juu yake, na hukua taratibu sana. Kanyago moja la mguu wako linaweza kuharibu kazi ya miaka. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipata joto jingi wakati wa El Niño, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ikafa. Yaliyopo leo ni yale yaliyopona na yale yaliyoanza upya. Chukua picha, uache mengine yote, hata makombe.

Mchana Wasini

Njaa ya chumvi ni njaa nyingine. Mashua itawapeleka Wasini, kisiwa kisicho na magari. Kabla ya kuingia kijijini, vaa nguo. Wenyeji ni Waislamu, watoto wanatoka madrasa, wazee wamekaa barazani. Fulana na leso vinatosha. Wakubwa waamkie kwa shikamoo, usipite kama uko stendi.

Kisha kaa chini ule. Kaa wa kupasuliwa kwa kigongo, samaki wa kuchoma, wali wa nazi, na mwani. Kama tumbo lako limelelewa na obokima na chinsaga, mwani utakuchanganya kidogo, lakini jaribu. Baada ya chakula, pitia bustani ya matumbawe ya nchi kavu, ambayo ina njia ya mbao inayosimamiwa na kikundi cha akina mama wa kisiwa. Utalipa ada ndogo. Ilipe bila kulalamika. Wewe unajua vizuri inavyouma mtu anaposhika kinyago ulichokifanyia kazi siku mbili, kisha akakupa bei ya maandazi.

Jioni mkirudi Shimoni, yatembelee yale mapango yaliyokipa kijiji jina. Inasimuliwa kwamba watumwa walifungiwa humo kabla ya kusafirishwa kwenda Zanzibar. Baada ya siku ya kucheka majini, ni vizuri kusimama pale dakika chache bila simu. Kuna watu waliopita ufuo huu ambao hawakuulizwa kama wanajua kuogelea.

Anza wiki hii

Usingoje Desemba ndipo uanze kujipanga. Wiki hii fanya mambo mawili. La kwanza, fungua kundi la WhatsApp na umteue mweka hazina ambaye hata mamako angemwamini. La pili, tafuta bwawa la kuogelea karibu nawe, iwe Nairobi ama Kisii mjini, na umlipe mtu anayejua akufundishe kitu kimoja tu: kuelea chali. Usikimbilie mbio wala mbwembwe. Ukiweza kulala juu ya maji dakika mbili huku unapumua bila hofu, umepiga hatua kubwa.

Na kama Desemba itafika na bado hujaweza, nenda hivyo hivyo. Vaa jaketi, kaa karibu na mwongozaji, na nahodha akiuliza swali lake, inua mkono.