Jahazi la Mirihi Limeegeshwa Stendi ya Bariadi

Mwezi wa sita, ununuzi wa pamba ukishafunguliwa, stendi ya Bariadi na barabara zinazoizunguka ni darasa tosha. Gunia moja la mpunga kwenda mtaa wa pili ni kazi ya bodaboda. Magunia kumi ni ya toyo, ile pikipiki ya miguu mitatu. Abiria wanne wenye haraka ya kufika Lamadi wanaingia kwenye mchomoko, ile teksi ya kuchangia, na kabla haujaondoka watakuwa saba. Vijijini Itilima na Meatu, lami isikofika, mkokoteni wa ng'ombe ndio unaofikisha pamba kwenye ghala la chama cha ushirika, AMCOS. Kutoka hapo Fuso inaipeleka kiwandani kuchambuliwa, na ikishakuwa marobota, semitrela inayapakia kwenda Dar es Salaam. Hakuna anayekosea. Huwezi kumwona mtu akiukodi mkokoteni kwenda Dar.

Nayasema haya kwa sababu nina daftari ninalochoramo meli za angani, kwa ajili ya hadithi ambayo huenda nisiimalize. Kwa muda mrefu nilichora kama walivyochora wengine: chombo kirefu chenye ncha, mizinga pembeni, nahodha amesimama mbele ya kioo kikubwa. Siku niliyokaa stendi nikisubiri gari la Maswa ndipo nilipogundua kwamba meli zangu zote zilikuwa mabasi. Hapakuwa na toyo hata moja.

Tazama pamba yenyewe. Fuso ya pamba hujaa kabla haijaelemewa: mzigo unapanda juu ya bodi, unatanuka pembeni, unafungwa kamba na turubai, lakini springi za gari hazijalalamika. Pakia dengu kwenye gari hilohilo, litazama kabla bodi haijafika nusu. Wahandisi wa roketi wana pamba yao pia, nayo ni hidrojeni. Tangi kubwa la rangi ya chungwa lililobebwa na vile vyombo vya angani vya Marekani vilivyoruka kuanzia 1981 hadi 2011 lilikuwa na matangi mawili ndani yake. La oksijeni lilichukua tani 629 hivi. La hidrojeni lilichukua tani 106 tu, lakini ukubwa wake ulikaribia kuwa mara tatu ya lile la oksijeni. Kwa hiyo mchoraji anayetaka meli inayotumia hidrojeni asichore kitu chembamba kama mkuki. Achore Fuso ya Bariadi mwezi wa saba, tumbo limetoka.

Hadithi nyingi za anga zilizotufikia kwa televisheni na sinema zimeazima madaraja yao kutoka jeshi la majini. Star Trek, iliyoanza kurushwa 1966, ina meli zenye makamanda na maluteni, mmoja wao akiwa Uhura, jina lililotokana na neno letu uhuru. Star Wars ya 1977 ikaleta manowari ndefu kama mtaa mzima. Hata desturi ya daraja zima kupewa jina la meli yake ya kwanza ni ya wanamaji. Siwalaumu, kila mtu huchora alichokiona bandarini kwao. Ila hata ukiamua kwamba hadithi yako ni ya vita, manowari iliyotufundisha zaidi iko kwetu, matopeni mwa delta ya Rufiji.

Königsberg ilikuwa manowari ya Wajerumani, ya kwanza katika daraja lililobeba jina lake. Septemba 20, 1914 iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, hapo Zanzibar. Baada ya hapo ikajificha Rufiji. Si kwa woga. Mashine ilikuwa mbovu na makaa ya mawe hayakutosha, na meli ya kuiletea makaa haikuweza kuwapita Waingereza waliokuwa wakilinda bahari. Nao Waingereza, pamoja na manowari zao kubwa, hawakuweza kuifuata ndani, maana maji ya delta ni mafupi. Ikabidi zivutwe kutoka mbali meli mbili bapa, Severn na Mersey, zilizoundwa awali kwa ajili ya Brazil na mito yake. Hizo ndizo zilizoingia, na Julai 11, 1915 Königsberg ikaishia hapo.

Mwandishi wa hadithi za anga akikisoma kisa hicho atajua orodha yake ya vyombo ianzie wapi. Mizinga ni jambo la mwisho. Kwanza ni makaa: nani anayaleta, na kwa chombo gani? Kisha bandari: chombo hiki kinaweza kutua wapi?

Swali la kutua ndilo linalogawa vyombo vya angani kuliko jingine lolote. Chombo kinachopasua hewa ya dunia sharti kiwe na umbo la kuipasua na ngozi ya kuhimili moto wa kurudi. Kisichogusa hewa kamwe hakidaiwi umbo. Kile kilichowashusha watu mwezini Julai 1969 kilifanana na buibui, miguu minne, pembe kila upande, na sehemu nyingine ukuta wake ulikuwa mwembamba kuliko bati la geji 28. Duniani kingesambaratika kabla ya kupanda popote. Kule hakuna hewa, kikawa chombo kamili. Wanaanga hawakurudi nacho nyumbani, walirudi na kingine, kidogo na kigumu, chenye umbo la pia. Safari moja, vyombo viwili, na hakuna kilichoweza kufanya kazi ya mwenzake.

Ukubwa nao hudanganya macho. Kituo cha anga cha kimataifa kina urefu wa mita 109 na uzito wa tani 420 hivi. Meli ya MV Mwanza, iliyoundwa pale Mwanza na kushushwa ziwani 2023, ina urefu wa mita 92 na kidogo, na imekusudiwa kubeba abiria 1,200 na mizigo ya tani 400. Yaani kituo kizima, kilichounganishwa kipande kwa kipande tangu 1998 na mataifa tajiri, kingelingana kwa uzito na mizigo tu ya meli yetu, kabla hujahesabu abiria hata mmoja. Kwa kawaida kinakaliwa na watu saba. Ukiandika kuhusu meli ya angani yenye wakazi elfu kumi, jiulize kwanza ni nani aliyelipa nauli ya vyuma vyake.

Kwenye vitabu vyetu hatukukosa anga. Shaaban Robert alituwekea Kusadikika, nchi nzima iliyo angani, na wajumbe wake wakatumwa pande zote sita, pamoja na mbinguni na ardhini. Katama Mkangi, katika Walenisi ya 1995, alimpandisha Dzombo kwenye chombo kilichokusudiwa kuwa hukumu yake ya kifo, akafika dunia nyingine ambayo jina lake, ukilikata vizuri, linasema wale ni sisi. Ni vitabu vikubwa. Lakini Kusadikika inaelea bila mtu kueleza inaelea kwa nini, na Mkangi alikuwa na shauku zaidi ya jamii iliyo mwisho wa safari kuliko ya chombo kilichompeleka mtu wake. Tuna anga, tumekosa maseremala.

Na maseremala tunao, tena wenye msamiati. Mtu wa pwani haiti kila kitu meli. Kuna mtumbwi, gogo moja lililochimbwa. Kuna ngalawa, mtumbwi uliowekewa matengo pembeni usipinduke. Kuna dau, mashua, jahazi, na tishali ya kushushia shehena ya meli isiyoweza kukaribia gati. Nimeanza kuyahamishia majina haya kwenye daftari langu, na yanakaa bila kulazimishwa. Tishali ni chombo kinachopanda na kushuka kati ya ardhi na meli kubwa isiyotua. Jahazi ni la safari ndefu, nalo hungoja msimu. Neno msimu hapa si pambo: njia nafuu ya kwenda Mirihi hufunguka mara moja kila miezi 26 hivi, sayari mbili zinapokaa vizuri, kisha hufungwa. Julai 2020 waliondoka watatu ndani ya wiki mbili, wa Falme za Kiarabu, wa China na wa Marekani, wote wakafika Februari 2021. Manahodha waliongoja kaskazi na kusi wangelielewa jambo hilo bila hesabu.

Jina ninalolipenda zaidi ni mtepe. Mtepe wa visiwa vya Lamu haukuwa na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na ukigonga fungu ulinepa badala ya kupasuka. Mwaka 2016 kituo cha anga kiliongezewa chumba cha kitambaa kigumu, kilichopelekwa kimekunjwa na kupulizwa kulekule juu. Waliokiunda walikipa jina lao. Kwenye daftari langu ni mtepe.

Swali la bandari ya kurushia lilinipa raha ya siku mbili. Jukwaa la San Marco, walilosimika Waitaliano baharini karibu na Malindi, lilirusha setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Desemba 12, 1970, siku ya uhuru wa Kenya, lilirusha setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksi kutoka angani, ikaitwa Uhuru. Eneo lile lilichaguliwa kwa kuwa karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia humsukuma bure anayeelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Nikafungua ramani. Bariadi na San Marco ziko karibu kwenye mstari mmoja, digrii tatu hivi kusini mwa ikweta. Nikachora mnara wa roketi papo hapo. Kisha nikakumbuka kwamba mashariki ya Malindi kuna bahari, na mashariki ya Bariadi kuna Serengeti. Vipande vya roketi, vile vinavyoachwa kila mafuta yakiisha, vingewadondokea nyumbu. Nikaufuta mnara.

Lakini turudi siku ile ya stendi. Gari la Maswa lilikuwa bado. Nikasogea kwa mama muuza chai.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Ya rangi au ya maziwa?"

Ilikuwa saa nne na nusu. Akaminya chupa, chai ikatoka na moshi, nikaungua ulimi. Nikamuuliza ameichemsha saa ngapi.

"Saa kumi na moja alfajiri. Chupa nzuri hiyo, haipoi."

Haipoi kwa sababu kati ya kuta zake mbili hakuna hewa ya kuubeba ule moto. Nikaangalia meli niliyoichora asubuhi ile: injini nyuma, watu arobaini ndani, mashine za kila namna, na utupu pande zote. Nilikuwa nimewaweka watu wangu ndani ya chupa ya chai. Kituo cha anga kina mapaneli marefu meupe, yenye amonia inayozunguka mabombani, kwa kazi moja tu ya kulitoa joto nje polepole, na miaka yote nilidhani kila bawa nililoliona pichani ni la kunasa jua.

"Nikuongezee?" akauliza.

Nikampa kikombe, nikachukua kalamu, nikaanza kuichorea meli mbawa mbili nyeupe.