Kache: Beseni la Kichakataji

Wanunuzi wengi wa kompyuta huuliza kasi ya kichakataji, yaani mipigo yake kwa sekunde, wala hawaulizi lolote juu ya kache. Hata hivyo, vichakataji viwili vyenye kasi sawa huweza kutofautiana sana kikazi. Kwa shule yenye fedha chache, jambo hili si dogo.

Kache ni nini?

Muuza samaki wa Nyegezi, kando ya Ziwa Victoria, huwa na beseni la sato mezani, na shehena yake huwa mwaloni. Mteja akitaka samaki aliyemo besenini, huuziwa papo hapo. Asipokuwamo, sharti mtu ashuke mwaloni. Kichakataji ndiye muuzaji, kumbukumbu kuu ndiyo mwalo, na kache ndiyo beseni: kumbukumbu ndogo, ya ghali na yenye kasi kubwa.

Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliandika juu ya fikra hii mwaka 1965. Mwaka 1968 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta ya System/360 Model 85, yenye kache iliyoanzia kilobaiti 16.

Hesabu yake

Ichukuliwe kwamba kusoma katika kache huhitaji mipigo 4, na kwenda katika kumbukumbu kuu huongeza mipigo 200. Data ikipatikana katika kache mara 90 kati ya 100, wastani ni 4 + (0.10 × 200), yaani mipigo 24. Ikipatikana mara 99, wastani ni 4 + (0.01 × 200), yaani mipigo 6. Kusubiri kumepungua mara nne, na kasi ya kichakataji ni ile ile.

Soko lilishuhudia jambo hili mwaka 1998. Kampuni ya Intel iliuza Celeron ya megahezi 300 isiyokuwa na kache ya ngazi ya pili, ikalaumiwa kwa uzito wake. Mwaka huo huo ikatoa Celeron 300A, ya megahezi zile zile 300, lakini yenye kilobaiti 128 za kache hiyo. Hiyo ya pili ilisifiwa sana.

Je, kubwa zaidi ni bora daima?

La. Mwanafunzi wa uvuvi katika kampasi ya FETA, Nyegezi, aweza kuwa na jedwali la vipimo vya samaki lenye mistari 1,000 na safu wima 1,000. Kila namba ikichukua baiti 8, jedwali zima ni megabaiti 8. Programu inayolipitia mara kwa mara itakwama penye kache ya megabaiti 4, itakwenda vizuri penye 16, na penye 64 haitapata faida kubwa zaidi. Tena, kache kubwa huchukua muda zaidi kutafutwa. Ndiyo sababu hupangwa kwa ngazi, ndogo ikiwa karibu zaidi.

Mpango wa kazi nao una nguvu. Kwa kawaida data huletwa kwa mafungu ya baiti 64, yaani namba 8 pamoja. Programu inayosoma kwa mfuatano wa hifadhi huzitumia zote. Inayorukaruka hutumia moja tu, ikarudi tena mwaloni.

Basi, kabla ya kununua, shule na ipime kwanza ukubwa wa kazi yake, ndipo itazame kache.

Zoezi: Tafuta wastani wa mipigo ikiwa data hupatikana katika kache mara 95 kati ya 100. (Jibu: mipigo 14.)