Malenge yako ni majani tu? Punguza mbolea

Ulipanda malenge nyuma ya nyumba, ukaenda agroveti ukanunua CAN, ukaimwaga bila kipimo. Sasa mmea umefika hadi kwa kamba ya nguo ya jirani, majani mapana kama sinia, lakini lenge? Hakuna hata moja.

Usilaumu mbegu. CAN ni naitrojeni, na naitrojeni hujenga majani. Kama ulitaka mboga ya kula na ugali, uko sawa kabisa, endelea kuchuma. Lakini kama unataka lenge la kula na chai asubuhi, badilisha mtindo.

Chimba shimo la futi mbili, urudishe udongo ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza vizuri: hainuki, haina joto, inavunjika mkononi. Samadi mbichi itaunguza mizizi, na harufu yake itakukosanisha na landilodi.

Mmea ukianza kutambaa, kijiko kimoja cha CAN kinatosha. Kizungushe mbali kidogo na shina, udongo ukiwa na unyevu. Ukiona maua, wachana nayo. Wiki kadhaa baadaye unaweza kunyunyiza konzi ya majivu ya kuni, yana potasiamu. Usiyachanganye na CAN, naitrojeni itapotelea hewani.

Na usishtuke maua ya kwanza yakianguka, kwa kawaida huwa madume. Ua jike lina kalenge kadogo chini yake. Likifunguka asubuhi na huoni nyuki, chuma dume, toa petali, ulisugue katikati ya jike.