Gari Linalokohoa Mlimani na Kupona Likipumzika

Peugeot 504 lilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, na baadaye likaunganishwa pia Kenya na Nigeria. Chukulia gari moja la aina hiyo, lenye injini ya petroli na kabureta, likisafiri kutoka Morogoro kwenda Iringa. Lapita Mikumi bila taabu. Saa nane mchana, likiupanda mlima wa Kitonga polepole nyuma ya lori lililosheheni, injini yaanza kukohoa: yashika, yaachia, yashika tena, kisha yazimika kabisa. Abiria washuka upesi na kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Baada ya nusu saa dereva ajaribu tena, na injini yawaka kana kwamba halikutokea jambo.

Kesho yake, gerejini Iringa, fundi aisikiliza injini hiyo kwa saa nzima asione kasoro. Hata hivyo abadilisha plagi zote nne, na mwenye gari alipa. Juma la pili gari likazimika tena palepale.

Hitilafu ya kudumu humngoja fundi aipime. Hitilafu ya vipindi huja na masharti yake: joto, mwinuko, mzigo, muda wa safari, kiasi cha petroli kilichomo tangini. Masharti hayo yasipokuwapo, nayo haipo. Ndiyo maana gereji yenye kivuli ni mahali pabaya pa kuitafutia.

Injini ya petroli yahitaji mchanganyiko wa karibu gramu 15 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli, ushindiliwe vizuri, na upate cheche kwa wakati wake. Katika injini ya silinda nne na mapigo manne, inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, zahitajika cheche 6,000 kila dakika, yaani 100 kila sekunde. Mwanafunzi aweza kukokotoa mwenyewe. Zikikosekana cheche chache tu, au petroli ikipungua kidogo, dereva husikia kikohozi kilekile.

Jambo linalowapoteza wengi ni kwamba pumziko huponya maradhi kadhaa yasiyo na undugu. La kwanza ni mvuke. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye joto la karibu nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi, na chini ya boneti, gari likipanda mlima polepole, joto hupita hapo kwa urahisi. Pampu inapovuta, hupunguza kanieneo ndani ya bomba na kurahisisha mchemko. Mwinuko nao huchangia: mjini Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni karibu 5/6 ya ile ya pwani. Mapovu yakijaa, pampu huvuta mvuke badala ya petroli. Injini ikipoa, mvuke hurudi kuwa kimiminiko.

La pili limo tangini. Kifuniko kisicho na tundu la kupitishia hewa, pengine kilichotoka katika gari jingine, huzuia hewa kuingia kadiri petroli inavyotoka, mpaka pampu inashindwa kuvuta. Au kipande cha kutu hunyonywa hadi mdomoni mwa bomba. Injini ikizimika mnyonyo hukoma, nacho huanguka chini kusubiri safari nyingine.

La tatu ni kondensa, ambayo katika kitabu cha fizikia huitwa kapasita. Swichi ndogo ndani ya distribyuta, ambayo mafundi huiita pointi, hukata mkondo wa koili. Kondensa hupokea umeme ambao ungeruka kati ya pointi hizo. Hivyo usumaku wa koili huporomoka ghafla, na kwa kanuni aliyoigundua Faraday mwaka 1831, volti 12 za betri huzaa maelfu ya volti kwenye plagi. Kondensa ikichakaa, kihami chake huvujisha umeme kinapopata joto. Usumaku huporomoka taratibu na cheche hudhoofika. Ikipoa, hufanya kazi tena.

Basi safari iliyofuata fundi aliombwa apande gari. Lilipozimika mlimani hakungoja lipoe. Injini ikiwa imetulia, na hakuna avutaye sigara karibu, aliondoa chujio la hewa, akachungulia kabureta huku dereva akikanyaga pedali ya mafuta. Petroli iliruka. Alifungua kifuniko cha tangi. Haukusikika mlio wa hewa ikiingia. Alivizungushia pampu na bomba kitambaa kilicholowa maji (maji hayamwagwi juu ya injini yenye moto, kwa maana chuma chaweza kupasuka). Injini haikuwaka.

Ndipo alipochomoa waya mkuu wa koili kwenye distribyuta, akaushika kwa koleo lenye mpini wa mpira, milimita 6 hivi kutoka chuma cha injini, mbali na kabureta. Dereva akazungusha starta. Cheche ilikuwa nyembamba, ya manjano. Cheche yenye afya huwa ya samawati na hualika kwa kishindo. Alipofunua distribyuta na kuzungusha tena, aliona moto ukirukaruka kati ya pointi.

Alikuwa na kondensa mpya mfukoni. Aliifunga hiyo peke yake, bila kugusa pointi wala koili, kwani vifaa vitatu vikibadilishwa kwa pamoja haijulikani ni kipi kilichoponya. Injini ikawaka kabla haijapoa. Juma lililofuata gari lilirudishwa Kitonga, saa nane mchana, likapanda polepole nyuma ya lori.