Gunia la Viazi vya Bugeshi: Tunabana Senti, Tunamwaga Maelfu

Mnunuzi anayepakia viazi mviringo Bugeshi nchini Rwanda, karibu na mpaka wa Kongo, kuvipeleka Kigali, huvutana sana na muuza magunia. Je, fedha zake zinapotelea hapo kweli?

Tuchukue mfano wa lori la tani 10, kilo moja ikiwa faranga 400. Shehena nzima ni faranga 4,000,000. Magunia 100 ya kilo mia, kwa faranga 600 kila moja, ni 60,000 tu: asilimia 1.5 ya shehena. Lakini viazi vikichubuka na kuoza asilimia 5, zimeteketea 200,000.

Tatizo ni uzito. Gunia la kilo mia halishushwi, huangushwa. Kiazi kilichopasuka hulowesha vilivyo chini yake, na uozo husambaa. Magunia 200 ya kilo 50, kwa faranga 400, yatagharimu 80,000. Nyongeza ni 20,000, thamani ya kilo 50 za viazi. Upotevu ukishuka kutoka asilimia 5 hadi 4, umeokoa 40,000.

Ila magunia madogo ya plastiki yakitupwa kila safari, taka huongezeka. Dawa ni kuyarudisha na lori linalokuja kupakia. Yakienda safari nne, kila safari inabeba 20,000. Ongeza faranga 50 za kuosha na kuanika kila gunia, inakuwa 30,000, nusu ya gharama ya magunia makubwa. Tahadhari moja: gunia la viazi vya kula lisibebe mbegu, maana udongo ulioganda huweza kueneza bakteria wa mnyauko.

Vipi mifuko ya nailoni dukani? Rwanda iliipiga marufuku 2008, na sheria ya 2019 ikajumuisha vifaa vya plastiki vya kutumika mara moja. Faini ya muuzaji wa rejareja ni faranga 300,000, bei ya magunia madogo 750 ya mfano wetu. Ya muuzaji wa jumla ni 700,000. Isitoshe, nailoni angavu hufungia unyevu na kupitisha mwanga unaogeuza viazi kijani, vikajaa sumu ya solanini. Mfuko wa karatasi nene wenye matundu unafaa zaidi.

Kwa hiyo, pima kwa mizani viazi vinavyotupwa sokoni, lori kwa lori, kwa magunia makubwa na kwa madogo. Tofauti ikizidi kilo 50, gunia dogo limejilipa hata lisiporudi.