Kompyuta Inawaka Leo, Kesho Inagoma? Cheki Haya Kabla Fundi Akule Doo Yako

Chukua picha hii. Uko Msambweni, ni saa mbili asubuhi, na mteja wa kwanza amesimama mlangoni mwa saiba yako na bahasha ya kaki mkononi. Anataka kuomba mkopo wa HELB na siku ya mwisho ni leo. Unabonyeza kitufe. Feni inazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi tititi. Unazima, unabonyeza tena. Kimya. Mara ya tano, bila sababu yoyote, mashine inaamka kama haijafanya makosa. Mteja ashahepa kwa jirani.

Manze, hiyo ndiyo aina mbaya zaidi ya ugonjwa wa kompyuta. Iliyodedi kabisa haina maneno, unajua imekufa na unatafuta kilichoiua. Hii ya leo fiti kesho ngori inakuchezea akili. Unaibeba kwa boda mpaka Ukunda, ikifika kwa fundi inawaka mara moja. Fundi anakuangalia kama mtu aliyekosa usingizi. Ukirudi nyumbani, inagoma. Au unakutana na fundi mwenye njaa, hata hajafungua boksi, anakwambia "madabodi imeenda" na kukutoa thao kadhaa kwa shida ambayo ilikuwa ya kabetri kadogo.

Poa, leo tunaenda hatua kwa hatua. Mambo mengi hapa unaweza kuyafanya mwenyewe na bisibisi moja, rabba ya shule na subira.

INAGOMEA WAPI?

Usiguse kitu kwanza. Tazama na usikilize. Kugoma kuna aina tatu, na kila moja ina njia yake.

Ya kwanza: ukibonyeza hakuna lolote. Hakuna taa, hakuna feni. Hapo shaka inaangukia njia ya stima: soketi, ekstensheni, kebo, pawasaplai au kitufe chenyewe.

Ya pili: feni inazunguka lakini skrini haionyeshi kitu. Hapo shaka kubwa ni RAM, halafu madabodi, halafu kebo ya monita. Usicheke, kebo ya monita iliyolegea imeshalipisha watu wengi bure.

Ya tatu: nembo ya kampuni inatokea, kisha inakwama, inajizima na kujiwasha, au inaleta skrini ya buluu. Hapo stima na RAM angalau zimeanza kazi. Angalia diski, mipangilio ya ndani au Windows yenyewe.

Chukua karatasi uandike kwa siku tatu: saa ngapi iligoma, iligoma aje, ilikubali mara ya ngapi, stima ilikuwa imepotea usiku au la. Karatasi hiyo ina thamani kuliko maneno yote utakayompa fundi, kwa sababu ugonjwa wa kuja na kwenda hushikwa kwa tabia yake.

ADUI WA PWANI NI CHUMVI

Ukikaa Nairobi, adui mkubwa ni vumbi. Ukikaa Diani, Tiwi, Msambweni au Shimoni, vumbi linakuja na rafiki yake. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na feni ya kompyuta inavuta hewa hiyo ndani kutwa nzima. Chumvi inakaa juu ya madabodi pamoja na vumbi.

Sasa sikia hii. Chumvi huanza kunyonya maji ya hewani unyevu ukipita asilimia 75 hivi, na usiku wa Pwani kufika hapo ni kawaida. Kwa hivyo lile vumbi kavu la mchana, usiku linageuka utando wa maji ya chumvi, na maji ya chumvi yanapitisha stima vizuri sana. Asubuhi mashine inagoma. Jua likipanda, utando unakauka, saa sita inawaka freshi. Wewe unadhani kuna jini.

Dawa si ngumu. Chomoa kila kitu ukutani, fungua boksi, toa vumbi kwa brashi laini na hewa ya kupuliza. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Mahali penye kutu au unga wa kijani, safisha kwa brashi na isopropili, ile spiriti safi ya mafundi, na uache ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Mashine iliyo karibu na bahari isafishwe mara nyingi kuliko ya bara, na isikae chini ya dirisha linaloelekea ufuoni.

Ukiwa humo ndani, tafuta pia wapangaji wasiolipa kodi. Sisimizi na mijusi kafiri hupenda joto la kompyuta. Mjusi mmoja akikauka katikati ya nyaya mbili ametosha kuleta shoti.

KABETRI KA BEI YA CHIPS

Juu ya madabodi kuna betri ya duara kama sarafu. Imeandikwa CR2032 na ni ya volti 3. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya kompyuta wakati hakuna stima.

Kompyuta iliyochomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa, huwa inapata stima kidogo, na betri inapumzika. Lakini sisi tunazima swichi ya ukutani kila jioni tukiogopa stima mbovu, na tunafanya vizuri. Bei yake ni kwamba betri inabeba mzigo peke yake usiku kucha. Ongeza hapo kwamba desktopu nyingi mtaani ni mitumba kutoka ofisi za ng'ambo, zimekuja na betri ya zamani.

Dalili ziko wazi. Tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa. Mashine inasimama na kukuomba ubonyeze F1. Kuna nyingine zinasahau diski ipi ya kuanzia, au zinabadilisha namna ya kuzungumza na diski, Windows inaleta skrini ya buluu na wewe unadhani diski imekufa. Na ile ya kuchoma picha mbele ya wateja: mashine inawaka, lakini eCitizen na iTax zinakataa kufunguka zikidai si salama. Kivinjari kinapima hati ya usalama ya tovuti kwa tarehe ya kompyuta. Tarehe ikiwa ya uongo, hati nayo inaonekana ya uongo.

Mfanye fundi apime betri kwa mita. Ikisoma chini ya volti 2.7 hivi, itupe. Mpya haifiki hata thao. Ukishaiweka, panga tarehe upya na uhakikishe diski yako ndiyo ya kwanza kwenye orodha ya kuanzia.

RAM NA RABBA YA SHULE

Kama shida yako ni feni inazunguka na skrini nyeusi, anza hapa. Chomoa stima, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie sekunde 30 ili stima iliyobaki ndani iishe. Gusa chuma cha boksi, kutoa umeme wa mwilini mwako. Toa RAM. Utaona meno ya rangi ya dhahabu. Yakiwa na weusi au madoa, yasugue polepole kwa rabba safi, pangusa makombo yote, rudisha mpaka usikie tiki pande zote mbili.

Kama una RAM mbili, washa na moja tu. Kisha na ya pili peke yake. Kisha badilisha tundu. Moja ikigoma popote unapoiweka, umempata mwizi. Zote zikigoma kwenye tundu lilelile, mwizi ni tundu.

Sheria ya kazi nzima ni hii: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na mashine ikawaka, hujui kipi kilikuwa kibovu, na wiki ijayo utarudi pale pale. Mashine ikipiga milio au taa ikiwaka kwa mpangilio fulani, hesabu. Kila kampuni ina lugha yake, tafuta maana ukitumia jina kamili la modeli.

STIMA NDIYO INAUA WENGI

Stima ya Kenya ni volti 240. Pawasaplai inaibadilisha kuwa volti 12, 5 na 3.3, na kila moja inaruhusiwa kupotoka asilimia 5 tu. Kwa hivyo ile ya 12 ikishuka chini ya 11.4 wakati mashine inajaribu kuamka, kompyuta itakataa hata kama feni inazunguka. Feni haina maringo, inazunguka na stima dhaifu. Usikubali ikudanganye.

Ndani ya pawasaplai kuna kapasita, vimikebe vya kutuliza stima. Joto na miaka vinazikausha. Kapasita iliyochoka inagoma ikiwa baridi, ikipata joto kidogo inakubali. Ndiyo maana mara ya tano inawaka. Leo mara ya tano, mwezi ujao mara ya kumi, halafu kwaheri. Kapasita za madabodi unaweza kuziona: kichwa kikiwa kimevimba au kinavuja maji ya kahawia, hiyo imeenda. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi kulikuwa na janga la kapasita mbovu dunia nzima, kwa hivyo mashine ya enzi hizo iangalie kwa makini.

Lakini mse, pawasaplai yenyewe USIIFUNGUE. Ndani yake kunabaki volti mamia hata baada ya kuichomoa, na zinaua. Njia ya salama ni kuazima nzima ya mtu, yenye plagi zinazolingana, na kujaribu. Uangalifu mwingine: nyuma ya baadhi ya pawasaplai za zamani kuna kiswichi chekundu cha 115 na 230. Hapa kwetu kikae 230. Kikiwa 115 ukachomeka, utasikia mlio na harufu, na hadithi itaishia hapo.

Stima ikipotea, zima swichi ya ukutani na uchomoe. Ikirudi, subiri dakika chache itulie. Tulipokaa gizani karibu nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, aliyechomoa vitu vyake hakuwa na la kuogopa stima iliporudi. Ekstensheni ya kawaida haizuii chochote, hata ikiwa na taa nyekundu ya kupendeza. Kama saiba ndiyo inakulisha, nunua UPS, na ukumbuke betri yake haipendi joto. Kila nyuzi 10 zikiongezeka, maisha ya betri ya namna hiyo hupungua karibu nusu. Usiiweke juani wala nyuma ya friji.

DISKI: OKOA MALI KWANZA

Kama mashine inafika kwenye nembo kisha inakwama, na unasikia tik tik tik, acha kila kitu. Diski inakuaga. Usikimbilie kuweka Windows upya. Usianze ukaguzi mrefu wa diski, maana unaichosha zaidi. Siku itakayokubali kuwaka, kazi ya kwanza ni kunakili picha, kazi za chuo, rekodi za wateja na hati za watu kwenye flashi au mtandaoni. Madabodi inanunuliwa. Risachi ya miaka minne hainunuliwi popote, hata uvuke feri ya Likoni ukatafute Mombasa nzima.

Kama hakuna mlio wowote, kaza kebo za diski, kisha tumia programu ya bure kama CrystalDiskInfo kusoma afya yake. Afya ikiwa nzuri na bado inagoma, geukia Windows. Kuzima kwa kawaida kwenye Windows 10 na 11 mara nyingi si kuzima kamili, mashine inahifadhi sehemu ya kumbukumbu ili iwake haraka. Jaribu kuizima huduma hiyo kwenye mipangilio ya stima uone kama tabia itabadilika. Na kama bado uko Windows 10, msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, panga kuhama.

UKIENDA KWA FUNDI

Ikishindikana, nenda, hakuna aibu. Lakini nenda na karatasi yako. Mwambie, "Fundi, asubuhi inagoma, mchana inawaka. Nimebadilisha betri, nimejaribu RAM moja moja, diski ni nzima. Naomba tujaribu na pawasaplai nyingine." Fundi mzuri atafurahi, umempunguzia kazi. Fundi wa janja ataona huyu si wa kuchezewa. Akisema madabodi imekufa, muulize kwa upole amejuaje, na uombe urudishiwe kifaa chochote alichotoa. Mwachie mashine usiku mmoja aiwashe yeye asubuhi, ikiwa baridi. Ugonjwa wa alfajiri hauonekani saa nane mchana.

Na yule mteja wa bahasha ya kaki? Wateja wa namna hiyo hawarudi kwa sababu ya bango zuri. Wanarudi kwa sababu siku ya mwisho ilipofika, mashine yako iliwaka mara ya kwanza.