Picha za Miradi Yetu: Mwongozo kwa Anayeanza Kutumia Kamera



Kila robo mwaka ofisi ya miradi hupokea picha kutoka sharikani, na kila robo mwaka nyingi kati ya hizo hubaki kwenye kompyuta bila kutumika. Nyingine ni giza tupu, nyingine zimetikisika, na nyingine ni migongo ya wageni wakikata utepe. Mfadhili aliyechangia kisima angependa kuona maji yakitoka na mtu akiyachota. Sisi tunamtumia picha ya watu arobaini waliosimama mstari mbele ya bango, na kisima chenyewe kimefichwa nyuma yao.

Siandiki haya kama fundi. Sikusomea picha, nilikabidhiwa kamera pamoja na kazi ya uratibu, nikajifunza kwa kuharibu. Yafuatayo ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia mapema, na yanamhusu mwenye kamera ya dijitali sawa na mwenye simu.

Kamera ya dijitali haina filamu. Ndani yake kuna kibao kidogo chenye mamilioni ya vidoti vinavyopima mwanga, na kila kidoti huandikwa kama namba. Ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak, Marekani. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4, vidoti 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Leo simu ya kawaida ya mwinjilisti wetu ina vidoti zaidi ya milioni 8. Faida yake kubwa kwa anayejifunza ni kwamba kukosea hakuna gharama. Wakati wa filamu ya picha 36 kila kosa lililipiwa dukani. Sasa unaweza kupiga picha 50 za mti mmoja nyuma ya kanisa, ukazitazama, ukafuta 49. Ninashauri mwanakamati aliyechaguliwa kupiga picha afanye hivyo kwa wiki mbili kabla ya sherehe yoyote. Asianzie siku ya uzinduzi.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kamera haijui inatazama nini. Inapima mwanga wote ulio mbele yake na kujaribu kuufanya uwe wa wastani. Ukimsimamisha mama mlangoni mwa ghala, nyuma yake kukiwa na anga jeupe, kamera huona mwanga mwingi na kuupunguza; matokeo yake anga hupendeza na uso wa mama huwa kama kivuli. Kwa watu weusi tatizo hili ni kubwa zaidi, na si jipya: kwa miaka mingi filamu na kadi za kusahihishia rangi zilipimwa kwa ngozi nyeupe. Dawa yake ni rahisi. Kwenye simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha ongeza mwanga kwa kidole hadi uso uonekane vizuri, hata kama anga litapauka. Kwenye kamera, tafuta kitufe chenye alama ya kuongeza na kupunguza, uongeze kidogo. Njia iliyo bora kuliko zote ni kumwomba mama ageuke, au wewe uhame upande wa pili. Hatua tano za miguu hushinda vitufe vyote.

Jambo la pili ni jua letu. Sumbawanga iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Kofia hutia kivuli usoni, macho huwa mashimo mawili meusi, na kila kitu chini huwa bapa. Sherehe zetu nyingi, kwa bahati mbaya, hufikia kilele saa sita na saa saba mchana, baada ya hotuba zote. Kama huwezi kubadili ratiba, wapeleke watu kwenye kivuli cha mti au cha ukuta, wote wawe kivulini, si nusu juani na nusu kivulini. Epuka turubai la buluu. Mwanga ukipita kwenye turubai hilo, kwaya nzima hutoka na nyuso za buluu, na kazi ya kuzirudisha kwenye rangi yake inachosha kuliko kuwahamisha waimbaji.

Saa nzuri ni kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Anayetaka ushahidi aende shambani wakati wa matuta. Wakulima wa Ufipa hufukia majani chini ya udongo kwenye matuta ya mviringo ili yaoze na kurutubisha ardhi, kazi ambayo wageni wa kilimo hupenda sana kuiona. Nilipiga matuta hayo saa saba mchana, yakaonekana kama uwanja wa mpira. Nilirudi saa kumi na moja jioni, jua likiwa pembeni, na kila tuta lilikuwa na upande wa mwanga na upande wa kivuli. Ungeweza kuyahesabu hadi chini ya mlima. Kamera ilikuwa ileile na shamba lilelile.

Ndani ya majengo hali ni kinyume. Makanisa mengi ya mitaa yana madirisha madogo, na flashi ya simu haifiki mbali zaidi ya safu chache za mabenchi. Kamera ikikosa mwanga huacha tundu lake wazi kwa muda mrefu, na mkono ukitikisika hata kidogo picha huharibika. Egemea nguzo, bana viwiko kwenye mbavu, piga tatu mfululizo. Moja itakuwa imetulia. Usitumie zumu ya simu, kwa sababu simu nyingi hukata tu katikati ya picha na kuipanua. Sogea karibu.

Kuhusu utunzaji nitasema machache. Kiangazi chetu kina vumbi na upepo, na kioo cha simu hupakwa mafuta ya vidole kila siku. Kifute kwa kitambaa laini kabla ya kupiga. Unaposhuka asubuhi kutoka uwanda wa juu wenye baridi hadi joto la bonde la Ziwa Rukwa, kama Muze, lenzi huweza kushika ukungu. Iache kwenye mfuko wake hadi ipate joto, usiisugue.

Sasa nije kwenye kusahihisha picha kwa kompyuta au simu, ambako ndiko nilikokosea vibaya. Programu zipo nyingi. Photoshop ni ya kulipia, GIMP ni ya bure na inatosha kwa kazi zetu, na simu nyingi zina sehemu yake ya kusahihisha. Kwanza tengeneza nakala, halisi iache bila kuguswa. Hii si kwa ajili ya usalama tu: kila mara faili ya JPEG inapohifadhiwa upya hupoteza sehemu ya ubora wake. Kisha nyoosha picha iliyopinda, kata kingo zisizohitajika, ongeza mwanga kwenye nyuso, rekebisha rangi. Hayo yote yanaruhusiwa, kwa kuwa hayabadili kilichokuwepo mbele ya kamera.

Programu hizo pia zina kifaa cha kunakili sehemu moja ya picha na kuibandika juu ya nyingine. Miaka kadhaa iliyopita nilipiga picha ya tangi jipya la maji katika usharika mmoja. Ukutani palikuwa na ufa mwembamba ulioshuka kutoka juu hadi karibu na koki. Nilikuwa nimejifunza kifaa hicho wiki ileile, na nilijivunia. Kwa dakika kumi nikaufunika ufa kwa vipande vya ukuta mzima, na picha safi ikaenda kwenye taarifa. Mwaka uliofuata wageni wetu walifika na kuona tangi likivuja. Mgeni mmoja alikuwa na taarifa mkononi, akaitazama, akaliangalia tangi, hakusema neno. Baadaye mzee mmoja wa kanisa aliniita pembeni. "Mratibu," akasema, "sisi tulikupeleka pale ili uupige ule ufa."

Wakati napiga picha ile, mradi ulikuwa bado na fedha za matengenezo. Wageni walipofika, ulikuwa umefungwa. Waumini walichangishana mahindi baada ya mavuno ili kumlipa fundi. Sikuwa nimedanganya kwa maneno hata neno moja, na ndiyo sababu iliniwia rahisi kufanya.

Wanahabari wana kanuni kali katika jambo hili. Agosti 2006, wakati wa vita vya Lebanoni, shirika la Reuters liligundua kwamba mpiga picha wake mmoja alikuwa ameongeza moshi juu ya jiji la Beirut kwa kunakili na kubandika. Liliachana naye na kuondoa picha zake zote 920 kwenye hazina yake, kwa kuwa hakuna aliyeweza tena kujua zipi ni za kweli. Siku hizi simu yenyewe inaweza kufuta mtu au nguzo kwa mguso mmoja, na programu nyingine hutengeneza picha ya kisima ambacho hakijachimbwa. Kwa hiyo utaratibu wa ofisi ni huu: mwanga na kingo, ndiyo, kuondoa au kuongeza kitu, hapana. Ufa ukiwepo, upigwe kwa karibu na uandikiwe maelezo.

Limebaki suala la watu wenyewe. Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi aliyesoma na kuanza kazi Dar es Salaam, alichukua picha za njaa huko Korem, Ethiopia, ambazo BBC ilizionyesha tarehe 23 Oktoba 1984. Dunia nzima ilichangia, na watu wengi wakaokolewa. Lakini baada ya hapo yalijengeka mazoea ya kuamini kwamba Mwafrika hasaidiwi mpaka aonyeshwe akiwa amevunjika. Mwaka 2006 mashirika ya maendeleo ya Ulaya, kupitia umoja wao wa CONCORD, yalipitisha kanuni za kuheshimu utu wa watu katika picha. Marafiki zetu wengi wa ng'ambo hawataki tena picha za mtoto analia mwenye nzi usoni, ingawa baadhi yetu bado tunadhani ndizo zinazoleta fedha.

Niliwahi kwenda kwa mama mmoja mjane aliyepata mbuzi wa mradi, nikainua kamera akiwa na nguo za shamba. Aliniambia, "Baba, subiri." Nilisubiri karibu nusu saa. Alitoka amevaa kitenge cha sikukuu, amejipaka mafuta, akamshika mbuzi kwa kamba kama mtu anayeonyesha mali yake. Nilikuwa na haraka, na moyoni nilinung'unika. Picha ile ndiyo iliyoombwa na wafadhili kuliko zote za mwaka ule. Nilimpelekea nakala iliyosafishwa mjini, na nilipopita tena niliikuta imebandikwa ukutani.

Ruhusa si adabu tu, ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Taarifa za watoto na za afya ni nyeti na zinahitaji ridhaa ya maandishi. Kwa mtoto hutolewa na mzazi au mlezi. Kuuliza "nikupige picha?" hakutoshi. Mweleze itakwenda wapi: kwenye jarida, kwa wageni, pengine kwenye mtandao ambako haitarudi. Aidha, aelewe kwamba akikataa haondolewi kwenye orodha ya mbegu wala ya mbuzi. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI wasipigwe wakiwa kikundi chenye jina la kuwatambulisha, hata kama wengi wao wamekubali.

Na kuna hatari ambayo hapa Rukwa hatuwezi kuipuuza. Mwaka 2015 mtoto mdogo mwenye ualbino mkoani kwetu alikatwa kiganja. Simu nyingi huandika ndani ya faili ya picha mahali ilipopigwa, kwa kipimo kinachofika hadi kwenye nyumba. Huoni maandishi hayo kwenye picha, ila yeyote mwenye faili anaweza kuyasoma. Fungua mipangilio ya kamera ya simu yako, uzime sehemu ya kuhifadhi mahali. Picha ya mtoto mwenye ualbino isitumwe na jina la kijiji wala la shule, na sare yenye nembo isionekane. Kukiwa na shaka, isipigwe.

Hapa pana utata wa kiufundi unaowachanganya wengi. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa sana ubora, lakini maandishi ya mahali huondolewa. Ikitumwa kama faili hubaki na ubora wake wote, na mahali nako hubaki. Sisi tunahitaji ubora, kwa kuwa picha ya sentimita 10 kwa 15 jaridani inataka vidoti kama 1,200 kwa 1,800. Kwa hiyo zimeni sehemu ya mahali kwanza, ndipo mtume kama faili, au mlete memori kadi ofisini mkija kwenye kikao.

Kwa toleo lijalo tunaomba kila usharika ulete picha zisizozidi tano. Nyuma ya kila moja, au kwenye karatasi, andikeni mradi, tarehe, nani alipiga na nani alitoa ruhusa. Fomu za ruhusa zipo kwa wachungaji wote wa sharika. Zikiisha, tupigieni simu tuwatumie nyingine.